Chungu Kilichofunga Mdomo

Kwa Waswahili chungu kina mwili. Kina mdomo, shingo, mabega, tumbo na kitako, na mnunuzi makini hukipapasa na kukigonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kutoa pesa, asikie kama kimeiva au kina ufa. Katika viungo vyote hivyo, mdomo ndio unaokipa chungu kazi. Maji huingilia hapo na kutokea hapo. Mwiko hupitia hapo. Kikikosa kitako kinachokaa sawa, kitawekewa kata. Kikikosa shingo, kitatumika vivyo hivyo. Kikikosa mdomo?

Toshiko Takaezu aliuziba mdomo, na aliuziba akijua vyema anachokifanya.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi uzeeni, mfinyanzi huyu mzaliwa wa Hawaii alitengeneza mamia ya vyungu vilivyofungwa juu. Kilichobaki wazi ni tundu dogo la kutolea mvuke, mara nyingi kwenye chuchu ya udongo isiyozidi ncha ya kidole. Vingine vinaenea kiganjani kama chungwa. Vingine vinasimama kumpita mtu mzima. Ukikiinua kimoja cha vile vidogo na kukitikisa taratibu, mara nyingi utasikia kitu kinacheza ndani, kigumu kama kokoto, kikigonga kuta za giza ambalo hakuna jicho litakaloliona mpaka siku chungu kivunjike. Ni udongo uleule wa chungu, kidonge kilichodondoshwa ndani kikiwa kimefungwa karatasi. Karatasi ilikizuia kisigandamane na ukuta ungali mbichi. Motoni ikaungua, na kidonge kikabaki huru.

Wapo wanaomwita mfinyanzi, wapo wanaomwita mchongaji. Hoja ya wanaomwita mchongaji ni kwamba alitengeneza vitu vya kutazamwa, si vya kupikia wala kutekea maji. Hoja hiyo ina ukweli lakini inaacha jambo kubwa nje. Takaezu hakuukimbia ufinyanzi ili awe msanii wa daraja la juu. Aliingia ndani zaidi ya chungu kuliko wafinyanzi wengi walivyothubutu, na njia ya kuingilia aliionyeshwa na Asia ya Mashariki.

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1922 huko Pepeekeo, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, mtoto wa 6 kati ya watoto 11. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, katika ile mikururo ya watu waliovuka bahari kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miwa hailipi vizuri watu wanaoikata, na familia ya watoto 11 haina nafasi ya kuota ndoto za sanaa. Mwaka 1940 binti huyo alikwenda Honolulu akapata kazi katika karakana ya vyombo vya udongo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kalibu: unakandamiza udongo kwenye kalibu, unautoa, unasafisha kingo, unarudia. Chombo cha mia kinafanana na cha kwanza. Mtu angeweza kuichukia kazi ya namna hiyo, lakini mikono yake ilijifunza humo tabia za udongo: unashika lini, unapasuka kwa nini, unapungua kiasi gani ukikauka. Elimu hiyo haipatikani kwa kuambiwa.

Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Hawaii chini ya Claude Horan, aliyemfundisha kufinyanga kwa gurudumu. Mwaka 1951 akavuka kwenda chuo cha sanaa cha Cranbrook, jimboni Michigan, kwa sababu moja tu: alitaka kufundishwa na Maija Grotell. Grotell alikuwa Mfini aliyezaliwa Helsinki mwaka 1899, mwanamke mwenye maneno machache na gurudumu lisilopumzika. Hakupenda kuona wanafunzi wake wakitoa vyombo vinavyofanana na vyake. Mwanafunzi aliyemwendea kuomba jibu aliondoka na swali, na akaachwa ahangaike nalo hadi apate sauti yake. Takaezu aliukumbuka wema huo mkali maisha yake yote, na alipokuja kuwa mwalimu naye alifundisha hivyohivyo.

Mwaka 1955 akafanya safari iliyogeuza kila kitu. Alikwenda Japani pamoja na mama yake na dada yake, akakaa takriban miezi minane. Alikuwa na umri wa miaka 33, tayari amefundisha chuoni na anaweza kuinua ukuta wa udongo apendavyo. Wengi wakifika hapo huona wamehitimu. Yeye alikwenda kuanza upya. Alikaa katika nyumba ya watawa wa Zen, akasoma utaratibu wa chai, na akawatembelea wafinyanzi wakubwa wa wakati ule. Watatu kati yao wanastahili kutajwa, kwa kuwa kila mmoja anaeleza kipande cha kazi aliyokuja kuifanya.

Kaneshige Toyo aliishi Bizen, mahali ambapo chombo hakipakwi chochote kabla ya kuchomwa. Udongo wa Bizen huchimbwa chini ya mashamba ya mpunga, una chuma kingi, na huchomwa kwa kuni za msonobari mwekundu siku kumi na zaidi mfululizo, usiku na mchana. Majivu ya kuni hupeperuka ndani ya joko, hutua juu ya mabega ya vyombo, na kwa ukali wa joto huyeyuka yakawa ngozi ya kioo. Pale penye bua la mpunga lililozungushwa chomboni, hubaki mstari mwekundu kama kovu. Mfinyanzi wa Bizen hana brashi. Uchoraji wake ni namna anavyopanga vyombo jokoni, akikisia moto utapita wapi na utakwama wapi, kisha anauachia moto umalizie. Kaneshige ndiye aliyefufua namna ya zamani ya Bizen, ile ya karne ya 16 na mwanzo wa 17, na serikali ya Japani ikamtangaza kuwa hazina hai ya taifa mwaka 1956.

Hamada Shoji alikuwa Mashiko, kaskazini mwa Tokyo. Yeye glezi aliitumia, na aliitumia kwa namna iliyowashangaza watu. Glezi ni uji wa mawe yaliyosagwa, majivu na maji, ambao motoni huyeyuka na kuwa kioo juu ya udongo. Hamada aliichota kwa kata na kuimwaga juu ya sahani kwa mkupuo mmoja, huku mkono mwingine ukiigeuza sahani, na kazi imekwisha. Inasimuliwa kwamba mgeni mmoja alilalamika kuwa sekunde 15 ni chache mno kwa pambo la sahani ghali namna ile, na mzee akajibu kuwa si sekunde 15 tu, ni sekunde hizo na miaka 60 juu yake.

Wa tatu, Kitaoji Rosanjin wa Kita-Kamakura, aliingia kwenye ufinyanzi kupitia jikoni. Alikuwa na mkahawa maarufu Tokyo, na kwa kuwa hakuridhika na sahani za kupakulia chakula chake, alianza kuzitengeneza mwenyewe. Alikuwa mtu wa hasira na majivuno, na heshima ile ya hazina hai ya taifa alipopewa aliikataa. Lakini alisisitiza jambo ambalo wapishi wa pwani yetu wangemwelewa mara moja, kwamba chakula na chombo chake ni kitu kimoja, na asiyejua kula hawezi kutengeneza bakuli.

Nyuma ya watatu hao kulikuwa na chai. Mtu asiyeujua utaratibu wa chai wa Kijapani anaweza kudhani ni adabu za wageni na wenyeji tu, kumbe ni darasa la kutazama chombo. Mgeni hupokea bakuli kwa mikono miwili, huligeuza kidogo ili asinywe kwenye uso wake wa mbele, hunywa. Akimaliza huinama na kulichunguza, karibu na sakafu lisije likaanguka. Hulitazama ndani, pembeni, kisha hulipindua akatazama kitako, pale glezi ilipoishia na udongo ukabaki uchi, pale alama ya kidole cha mfinyanzi ilipoganda. Sehemu ambayo mezani haionekani ndiyo inayoheshimiwa kwa kutazamwa mwisho. Bakuli moja linalotukuzwa kuliko yote nchini humo, liitwalo Kizaemon, lilitengenezwa Korea katika karne ya 16 na mfinyanzi asiye na jina, kwa ajili ya watu wa kawaida. Limehifadhiwa Kyoto katika hekalu dogo la Kohoan, kwenye sanduku lililo ndani ya sanduku jingine, nalo ndani ya jingine. Kuliona ni kufungua na kufungua.

Takaezu alirudi Marekani na masomo hayo, na hapa ndipo heshima yake inapotakiwa kupimwa. Miaka ile Marekani ilikuwa imejaa wafinyanzi waliorudi kutoka Japani wakitengeneza mabakuli ya chai kwa watu wanaokunywa kahawa. Waliiga glezi ya kahawia, wakaiga kitako kilichopinda, wakaiga hata ufa. Yeye hakuiga umbo. Alichukua tabia ya kutazama, ile ya mgeni anayepindua bakuli kutafuta kilichofichika, akaipeleka mbele hatua moja ambayo hakuna mwalimu wake aliyekuwa ameipiga.

Haikuja kwa siku moja. Mwanzoni alitengeneza chupa zenye midomo miwili au mitatu, kama wanyama wanaonusa pande tofauti. Midomo ikazidi kuwa midogo, shingo zikafupika, mabega yakajaa. Ikafika mahali tundu likawa halina kazi ila kutoa mvuke. Alipofunga, uso wote wa chungu ukawa wake: hakukuwa tena na ukingo wa kusimamisha brashi, mstari ungeweza kuzunguka, kupanda juu ya kilele na kushuka upande wa pili bila kukatika. Wakati huo alikuwa akifundisha Cleveland, jimboni Ohio.

Ni vyema kueleza kinachofanyika pale mdomo unapofungwa, kwa sababu fahari ya kazi hii iko kwenye vitendo vyake. Mfinyanzi anakanda udongo kwanza, kama mpishi wa maandazi, kuondoa mapovu ya hewa. Anauweka katikati ya gurudumu linalozunguka, anazamisha kidole gumba ndani yake, kisha kwa mkono mmoja ndani na mwingine nje anauinua ukuta. Mikono hiyo miwili huzungumza kupitia ukuta. Wa ndani unasukuma tumbo litokeze, wa nje unazuia lisizidi. Kuelekea kilele, mkono wa ndani lazima utoke. Kwanza unatoka mkono, kisha vidole, kisha kidole kimoja, mpaka wa nje unabaki peke yake, ukibana mdomo uliosalia upana wa sarafu. Udongo mbichi uliobanwa namna hiyo hupenda kujikunja na kuporomoka. Lakini tundu likishazibwa hutokea jambo la ajabu: hewa iliyonaswa ndani inashika nafasi ya mkono uliotoka. Unaweza kuusukuma ukuta kwa nje, kuunyoosha, kuupapasa, nao haubonyei, kwa kuwa ndani kuna kitu kinachousukuma kurudi. Utupu umekuwa mfanyakazi.

Kisha hewa hiyohiyo inageuka hatari. Udongo wa aina hii hupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi kuanzia ukiwa mbichi hadi ukitoka jokoni, ilhali hewa iliyomo haipungui nao. Usipoacha tundu, chungu kinajipasua kikiwa bado rafuni. Na kikiingia jokoni na unyevu ukutani, maji yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke na yanadai njia. Yakiikosa, chungu kinalipuka na kuwarushia vigae majirani zake. Ile chuchu yenye tundu inayoonekana kama pambo dogo la kuchezea ni mlango wa uhai wa chungu.

Maumbo makubwa hayawezi kuinuliwa kwa mkupuo mmoja. Yale ya mviringo kamili, aliyoyaita miezi, yaliunganishwa kwa nusu mbili, mdomo kwa mdomo. Wakorea waliijua kazi hiyo tangu karne ya 17 na 18, walipotengeneza mitungi mikubwa ya kaure nyeupe kwa kupachika bakuli juu ya bakuli, na mpaka leo mitungi hiyo inaitwa mitungi ya mwezi na mshono wake kiunoni unaonekana kama mstari wa mbavu. Mfinyanzi mwenye kiburi angeuficha mshono. Wao waliuacha, na mtungi uliopinda kidogo pale kiunoni unapendeza kuliko duara la kuchorwa kwa bikari. Siri ya mshono ni unyevu: nusu zote mbili ziwe zimeshika sawasawa, si mbichi mno zikabonyea, si kavu mno zikakataana. Udongo uwahi ungali maji, wanasema wahenga wetu, na katika kazi hii methali hiyo haina mafumbo.

Inasemekana kile kidonge kinacholia kilianza kwa bahati: kijipande cha udongo kiliangukia ndani wakati wa kazi, na chungu kilipotoka jokoni kikawa kinasema. Mwingine angekiona chungu hicho kimeharibika. Takaezu alikisikiliza, na kuanzia hapo akaanza kudondosha vidonge kwa makusudi. Alikuwa akisema kwamba sehemu muhimu kuliko zote katika chungu ni ule uwazi wenye giza ulio ndani, usioonekana. Sauti ikawa njia yake ya kuuthibitisha. Jicho linaishia kwenye glezi, mkono unaishia kwenye ukuta, lakini sikio linaingia.

Ndipo huja rangi. Aliweka chungu mahali anapoweza kukizunguka, akatembea kukizunguka huku akimwaga glezi kutoka kwenye chombo, akifuata mkondo wake kwa brashi, akimwaga tena. Aliyemwona Hamada na kata yake anajua mwendo huu umetoka wapi. Hata hivyo rangi zilikuwa za kwao Hawaii: waridi wa machweo, nyeusi ya mawe ya volkano, na buluu iliyoitwa kwa jina la Makaha, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Oahu. Glezi mbichi haifanani na ile itakayotoka motoni. Nyingi huwa vumbi la kijivu au la pinki hafifu. Mchoraji wa kitambaa huona anachopaka. Mfinyanzi hupaka kwa kukumbuka na kutarajia, kisha anafunga mlango wa joko, na kwenye nyuzi zinazokaribia 1,300 shaba na chuma hufanya mambo yao bila kumwomba ruhusa.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulielewa jambo hili la chombo kuachishwa kazi ili kipewe kazi nyingine. Kwa karne nyingi majahazi yalileta vyombo vya China, na wajenzi wa Mambrui na Kunduchi waliyachukua mabakuli ya kaure wakayapachika kwenye nguzo za makaburi, yakatazama nje kutoka kwenye chokaa. Mengi yameng'olewa, yakaacha mashimo ya duara. Hakuna aliyekula tena kwenye mabakuli yale. Lakini hakuna aliyesema yameacha kuwa mabakuli. Yalipandishwa daraja, yakawa yanawaheshimu wafu.

Na mkono wa Hamada ulifika hata kwetu, kwa njia ndefu. Mwaka 1920 alifuatana na Mwingereza Bernard Leach kwenda St Ives, kusini-magharibi mwa Uingereza, wakajenga joko la namna ya Kijapani. Mwaka 1923 akaja hapo kijana Michael Cardew kujifunza. Cardew baadaye akaenda Afrika Magharibi na kuanzisha kituo cha ufinyanzi katika mji ulioitwa Abuja wakati huo, nchini Nigeria, ambako Ladi Kwali, bingwa wa mitungi ya Kigbari, alifanya kazi. Na Abuja hiyo ndiko alikokwenda katika miaka ya 1970 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, akajifunza kwa wanawake wa Nigeria kuinua mtungi bila gurudumu. Odundo hakubaki na glezi za Kijapani. Vyombo vyake havipakwi glezi. Husuguliwa hadi ving'ae, huchomwa vikawa vya rangi ya machungwa au vyeusi kwa moshi, na midomo yake imefunguka wazi kama tarumbeta. Kwa umbo yeye na Takaezu wanakwenda pande tofauti kabisa. Mwaka 2022 maonyesho makuu ya sanaa ya Venice, Italia, yaliwakusanya wote wawili: Mkenya aliyefungua mdomo wa chungu na Mhawaii aliyeufunga.

Tukirudi kwa Takaezu, mwaka 1959 volkano ya Kilauea Iki, huko huko kisiwani alikozaliwa, ililipuka na kufunika msitu kwa majivu na mawe mepesi. Majani yakapukutika, magome yakababuka, vikabaki vigogo vimesimama kwenye uwanda mweusi. Miaka baadaye alianza kutengeneza vigogo hivyo kwa udongo: nguzo ndefu, nyembamba, zilizofungwa juu, zikasimamishwa pamoja juu ya kokoto kama msitu ulioungua. Hapa joko na volkano vimekuwa ndugu, na pengine hizi ndizo kazi zake nzito kuliko zote. Miezi inapendeza. Vigogo vinamnyamazisha mtu.

Kuanzia 1967 hadi 1992 alifundisha Chuo Kikuu cha Princeton, na tangu 1975 makazi yake yalikuwa Quakertown, kijiji cha New Jersey. Huko alilima bustani, akapika, akafinyanga, na alisema wazi kuwa hakuona tofauti kati ya kazi hizo tatu. Wanagenzi waliishi naye. Aliyekuja akidhani atapewa gurudumu siku ya kwanza alipewa jembe. Alipalilia, aliosha vyombo, alibeba udongo, alipanga joko, na katikati ya hayo yote ndimo alimojifunza. Watu wa Rosanjin wangeutambua utaratibu huo, na hata fundi na kijana wake katika karakana yoyote ya Lamu au Zanzibar, ambako mwanafunzi hufagia vumbi la mbao miezi kadhaa kabla ya kushika patasi.

Sifa zilimjia kwa mwendo wa polepole. Majumba ya sanaa yaliyonunua picha na sanamu yalikuwa na chumba kingine, mara nyingi cha chini na chenye taa hafifu, kwa ajili ya udongo na nyuzi. Ulikuwa ubaguzi wa kweli, na ulimgusa pia kama mwanamke na kama mtoto wa wakata miwa. Jibu lake lilikuwa kazi. Akiwa amepita miaka 70 alikamilisha vyungu 14 vya kimo cha mtu, vyote vimefungwa, akaviita mfululizo wa nyota; sasa viko Racine, Wisconsin. Alimimina pia kengele za shaba, na mojawapo inaning'inia kwenye bustani ndogo ya Princeton iliyotengwa kuwakumbuka wahitimu wa chuo hicho waliouawa tarehe 11 Septemba 2001. Alifariki Honolulu tarehe 9 Machi 2011.

Mwaka 2024, maonyesho makubwa ya kazi zake, takriban vipande 200, yalifunguliwa Queens, New York, katika jumba la makumbusho la Isamu Noguchi. Mahali hapo palimfaa. Noguchi, mchongaji mwenye baba Mjapani na mama Mmarekani, naye alikwenda kwenye udongo wa Japani kila alipohisi amepotea: Kyoto mwaka 1931, Seto mwaka 1950, kisha mwaka 1952 kwenye uwanja wa Rosanjin mwenyewe, alikoishi na mkewe na kufinyanga kwa hamu kubwa. Lakini Noguchi aliupitia udongo akarudi kwenye mawe. Takaezu alikaa.

Tatizo la waandaaji lilikuwa lile lile linalokumba kila jumba lenye vyungu hivi. Makumbusho hayaruhusu mtu kushika, na chungu kisichoshikwa hakisemi. Kwa hiyo mtunzi wa muziki Leilehua Lanzilotti, mmoja wa walioyaandaa maonyesho, alichukua baadhi ya vyungu, akavitikisa, akavizungusha, akavirekodi. Mgeni akasimama mbele ya miezi na vigogo visivyoguswa, huku spika zikimletea mlio wa vidonge vya udongo, kila kimoja na sauti yake kulingana na unene wa ukuta na ukubwa wa tumbo, vikibingirika gizani mle vilimofungiwa tangu siku fundi alipoondoa kidole chake cha mwisho.